Pete Alizoziona Fundi Saa

Mjomba wangu hakuharibika macho mwaka ule. Naanza na hilo ili nilitue, maana najijua, nikianza na mengine nitapiga chenga mpaka nifike mwisho sijalisema. Macho yake yalikuwa mazima. Mimi ndiye niliyemfanya aamini kwamba yamekwisha, kisha nikafyata ulimi miaka ishirini na minne, nikila naye meza moja.

Mtaani walimwita Fundi Saa, hata baada ya kuacha saa. Kibanda chake kilikuwa mkabala na lango la kituo cha utafiti wa samaki: kidirisha kimoja, taa moja ya kupinda shingo, na yeye nyuma yake, kile kioo cha mafundi kimebanwa kwenye jicho la kulia utadhani kimeota pale. Alikuwa na maringo, mjomba. Ukimpelekea saa husemi wewe ina tatizo gani, anakuambia yeye. "Hii uliidondosha bafuni, halafu ukaikausha kwa feni. Usinibishie." Na kweli, ungekumbuka uliidondosha bafuni.

Sasa nieleze jinsi fundi saa alivyoingia kwenye mambo ya samaki, maana watu husikia hapo wakadhani nawatania.

Bahari yetu inagusa nchi tisa, na kwa miaka mingi kila nchi ilihesabu samaki kivyake. Wa huku walimpima samaki kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia, wa kule waliishia kwenye panda ya mkia, wengine kwa inchi, wengine kwa kukadiria tu, liwalo na liwe. Kisha wanakutana, kila mmoja na daftari lake kwapani, wanaitana wezi. Walipochoka kutukanana wakaunda Kamati ya Pamoja. Kazi yake ya kwanza, na msicheke, ilikuwa kuchongesha mbao tisa za kupimia zinazofanana, zikatumwa nchi zote tisa. Mwaka mzima ushirikiano wa kimataifa ulikuwa ni ubao wenye rula. Baadaye ikapatikana meli moja ya utafiti ya wote, wakaipanda kwa zamu, wakazoeana, wakaanza hata kuoana. Hapo ndipo walipolifikia swali lililowatoa jasho: huyu samaki ana umri gani? Usipojua umri wake hujui anakua haraka au polepole, na usipojua hilo, hujui uvue wangapi ubakize wangapi.

Umri wa samaki uko sikioni. Ndani ya kichwa chake mna mawe madogo meupe, mengine kama punje ya mchele, mengine kama ukucha wa kidole cha mwisho. Unalikata jiwe upate kipande chembamba sana, unakigandisha kwenye kioo, unakitazama kwa hadubini, na humo unaona pete, ya giza na ya mwanga, jozi moja kwa kila mwaka aliouishi. Kusema ni rahisi. Pete nyingine ni za kweli, nyingine ni vivuli tu vya msimu ambao samaki aliugua au alikosa chakula. Kuzitenganisha ni kazi ya jicho, na jicho halitolewi chuoni.

Mtaalamu wa ng'ambo aliyeletwa na Kamati kuanzisha maabara yetu alivuka barabara siku moja na saa yake mkononi. Mjomba akaifungua, akachungulia, akasema, "Hii imeshafunguliwa na mtu asiyejua kazi, tena wa mkono wa kushoto." Mtaalamu alikuwa wa mkono wa kushoto, na ndiye aliyeifungua. Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata mjomba alikuwa ameketi mbele ya hadubini, hana digrii, hana diploma, ana darasa la saba na jicho lake. Kibanda hakukiacha. Alikifungua jioni akitoka kazini.

Mimi niliingia kwa mgongo wake. Nilikuwa na diploma yangu ya baiolojia, nimekaa nayo nyumbani mwaka mzima nikikorofishana na kila mtu, ndipo mama akaenda kumlilia kaka yake. "Mlete," mjomba alimwambia, "lakini kama ana pupa kama wewe, Ijumaa atakuwa amerudi kwako." Ijumaa sikurudi. Alinifundisha miaka miwili, kwa masimango na kwa upendo, na mwisho wake akaandika barua kwa mkuu wa kituo kwamba sasa maabara ina wasomaji wawili.

Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili, kinanuka spiriti na gundi, na kabati la droo lilijaza ukuta mzima. Hadubini zilikuwa mbili, kila moja inatazama ukuta wake, ili wasomaji wapeane mgongo. Hiyo ilikuwa sheria ya Kamati, nayo mjomba aliishika kama dini. Unalisoma jiwe hujui samaki alikuwa na urefu gani, alivuliwa wapi, wala mwenzako ameona nini. Unaandika kwenye karatasi yako, mwisho unaitia kwenye bahasha unaigandisha. Siku ya kufungua, bahasha zote mbili zinafunguliwa mezani mkiwa wote.

Mjomba aliongeza na ya kwake. Wiki ya kusoma mawe alipiga marufuku namba chumbani. Ukimuuliza saa ngapi, anakujibu, "Bado mapema." Mhudumu wa chai akithubutu kuuliza vijiko vingapi vya sukari, anatolewa mpaka koridoni na sinia lake. Nilikuwa nacheka mpaka machozi. "Cheka tu," ananiambia, mgongo umenigeukia, "lakini nikisikia 'tano' asubuhi, nitaona tano mpaka jioni. Jicho ni mbea, linasikiliza."

Na mimi, mpwa wake, mtu aliyefundishwa hivyo, ndiye niliyekuja kusikiliza.

Kila baada ya miaka miwili Kamati ilizungusha sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao lenye kufuli, ndani mna mawe hamsini, yale yale, yanayopita nchi hadi nchi na kwenye maabara chache za ng'ambo. Kila maabara inayasoma, inapeleka majibu yake, kisha mkutanoni wanalinganisha nani anaona kama nani. Mwaka huo yalikuwa mawe ya changu mwekundu wa kina kirefu. Mashua zilikuwa zimeanza tu kumfuata huko chini, na nchi zote tisa zilitaka kujua ni wangapi wa kuvua.

Niliyasoma kwa siku nne. Jiwe namba saba ndilo lililonikalia kichwani. Lilikuwa kubwa, na kuelekea ukingoni pete zake zilikuwa zimebanana, nyembamba, zimepangana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Nilizihesabu mara tatu. Thelathini na tatu. Samaki mwenye umri wa kunizidi mimi! Nilijiona bingwa. Nikaandika.

Kabla sijagandisha bahasha ikaja barua pepe. Nilikuwa na rafiki, msomaji wa maabara moja ya ng'ambo, tuliwahi kusoma kozi pamoja. Alinipongeza kwa siku yangu ya kuzaliwa, akanisimulia ya mchumba wake, na chini kabisa akachomekea: sisi na karibu wenzetu wote changu wakubwa wanatupa kumi na mbili, kumi na tatu, nyinyi je? Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa domo kaya tu, kama mimi.

Nikaisoma tena. Kulikuwa na mtaalamu mmoja mkubwa wa changu huyo, yule aliyeandika kwamba hafikishi miaka kumi na mitano, ndiye alikuwa mwenyekiti wa jopo la ufadhili wa masomo, na maombi yangu yalikuwa mezani kwake. Nikajiuliza, wewe ni nani? Maabara zote hizo zina watu wenye digrii tatu tatu, wewe una diploma na mjomba. Watakuona hamnazo. Nikaichana ile karatasi vipande vidogo vidogo, nikachukua mpya, nikajaza majibu hamsini bila kutazama hata jiwe moja. Jiwe namba saba nikaliandika kumi na mbili.  Hilo ndilo linalonitia uchungu nikilikumbuka: mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa karatasi ile ya kwanza.

Sikujua mjomba ameona nini. Nilijipa moyo kwamba pengine naye ameona kumi na mbili. Ndiyo utetezi wangu, na mnauona ulivyo.

Ijumaa tukafungua. Alianza na yake, akaisoma kwa madaha kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Jiwe la saba: thelathini na nne. Kisha akafungua yangu. Akasoma la kwanza, la pili, la tatu, sauti ikaanza kupungua. Alipofika la saba akaiweka karatasi mezani.

"Umeona kumi na mbili?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na zile nyembamba za ukingoni?"

"Nilidhani ni vivuli."

Akaenda kukaa kwenye hadubini. Akavua miwani, akaivaa, akaivua. Mwaka ule ule alikuwa ameanza kuvaa miwani ya kusomea gazeti, na sisi wa ofisini tulikuwa tumemtania wiki nzima, mimi mstari wa mbele. Alilitazama lile jiwe muda mrefu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiomba apige kelele. Angenifokea, angeniita mjinga kama alivyoniita mara mia, ningemwaga yote pale pale. Hakufoka.

"Una miaka ishirini na saba," alisema. "Macho yako mapya. Mimi nimezeeka, mpwa wangu, na sikutaka kujua."

Akachukua kalamu, akakata majibu yake moja moja kwa rula, akaandika yangu pembeni, akatia sahihi.

Ningeweza kusema hapo. Ningeweza kusema kesho yake. Jumatatu barua ya majibu ilikuwa bado haijapostiwa, ilikaa kwenye trei ya katibu muhtasi siku mbili, nikaipita nikienda na kurudi chooni. Nilikuwa na mdomo wa kubishana na kila mtu pale kituoni, mpaka na mlinzi, lakini kwa hilo ulikuwa mzito kama nanga.

Mkutanoni maabara yetu ilisifiwa kwa kukubaliana na wenzake. Ufadhili nikapata. Kamati ikaandika kwamba changu mwekundu ni samaki anayekua haraka, anayeweza kuvuliwa kwa wingi, na nchi zote tisa zikaamini, kwa sababu kwa mara ya kwanza wote walikuwa wamesema neno moja. Kwa miaka sita ilikuwa shangwe. Halafu nyavu zikaanza kuja na wadogo, halafu na wachache, halafu mashua zikawa zinakwenda na barafu zinarudi na barafu. Kiwanda cha kufungasha kilicho mwisho wa barabara yetu kilipunguza watu mara mbili, mara ya tatu kikafunga lango. Najua sikumaliza samaki peke yangu, msinipe ukubwa usio wangu. Lakini wale wenzetu walikosea wakiamini macho yao. Mimi niliona, nikafuta.

Na bado sijafika kwenye meli.

Miezi michache baada ya zile bahasha, Kamati ilimwalika mjomba kupanda meli ya pamoja kama msomaji mkuu wa safari. Fundi asiye na digrii alikuwa hajawahi kuitwa hivyo. Mkewe alishanyoosha mashati, alishakwenda kutangaza kwa majirani. Mjomba akaandika barua ya kukataa. "Mpelekeni huyu binti," alisema, "macho ni yake sasa." Nikaenda. Kwenye mlango wa chumba changu cha kulala melini walikuwa wameshabandika jina lake, limechapwa vizuri kwa herufi kubwa, na hakuna aliyekumbuka kulibandua. Nililala humo siku arobaini.

Niliporudi kibanda kilikuwa kimefungwa. Vifaa vyake, zile koleo ndogo na bisibisi za unene wa sindano, alikuwa amempa fundi mwingine wa sokoni. "Mtu asiyeona pete ya jiwe ataonaje jino la saa?" aliniambia, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Nikaitikia. Nikaitikia, jamani! Kisha nikaenda kusoma ng'ambo.

Nilirudi na digrii yangu, yeye akastaafu, mimi nikapanda mpaka nikawa mkuu wa maabara. Changu mwekundu sikumgusa tena. Nilimpa huyu, nikampa yule, nikasingizia kazi nyingi. Jumapili nilikwenda kula kwa mjomba, na kila akija mgeni ananitambulisha, "Huyu ndiye macho yangu." Nainuka kwenda kuchota maji. Mara mbili nilikwenda nimejikaza kisabuni, nimeshapanga na maneno. Mara ya kwanza nikamkuta ana wageni. Mara ya pili hakuwa na mgeni yeyote, nikazungumza habari za mvua.

Mwezi uliopita Kamati ilinitumia ripoti. Miaka ile ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, kaboni iliyorushwa angani ilishuka mpaka baharini, ikaingia kwenye mawe ya samaki waliokuwa hai, na sasa wataalamu wanaweza kuipima na kujua samaki alizaliwa lini, bila kutegemea jicho la mtu. Walikuwa wamepima mawe ya lile sanduku. Changu mwekundu anapita miaka thelathini, wengine wanapita arobaini. Chini ya ripoti palikuwa na ombi: Kamati inatimiza miaka hamsini, tafadhali mkuu wa maabara aje aeleze mkutanoni ilikuwaje hakuna hata msomaji mmoja, katika nchi zote tisa, aliyeziona zile pete.

Hakuna hata mmoja! Nilikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Alikuwepo mmoja, na yuko hai, ana miaka sabini na sita, na siku hizi mtoto wa jicho ameingia kweli, macho yote mawili, anasubiri zamu ya upasuaji. Nikakata kauli. Nikisimama kule kabla hajajua yeye, basi mimi si mtu.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani, uso ameuelekeza kwenye mwanga, redio inaongea peke yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umekuja siku isiyo yako? Umefukuzwa kazi?"

"Bado."

"Basi umekosana na mtu. Kaa chini, nani leo?"

Nikazima redio. Mkewe alikuwa chumba cha pili akikunja nguo, nasikia anavyozipiga mikunjo. Nikamwambia. Nilianza na barua pepe, nikaja kwenye karatasi niliyoichana, nikaja kwenye thelathini na tatu. Sikutia chumvi wala sikupunguza. Kule chumbani mlio wa nguo ulikoma, nikaendelea tu, mpaka kwenye kaboni, mpaka kwenye meli na mlango wenye jina. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na nilijichukia kwa kulia, maana aliyestahili kulia si mimi.

Mjomba aliugeuza uso kutoka dirishani. Akauliza, "Uliziona?"

"Niliziona."

"Zile za ukingoni. Uliziona kama nilivyoziona mimi."

"Ndiyo, mjomba."

Akapumua. "Nilikwenda kwa daktari wa macho mara tatu," alisema. "Mara tatu ananiambia macho mazima kabisa, kwa saa na kwa mawe na kwa chochote. Nikamwona daktari hajui kazi. Nikasema, mpwa wangu niliyemfundisha mwenyewe hawezi kukosea, basi huyu na mashine zake ndiye mwongo." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Ungeniambia tu, wewe mtoto. Ungesema, mjomba, nautaka huu ufadhili, niandikie kumi na mbili. Ningekufokea siku mbili, halafu ningekuandikia. Ningekuandikia nikijua naona thelathini na nne."

  Nilikuwa nimejiandaa kwa kila tusi alilonalo, sikujiandaa kwa hilo.

Nikamwambia nitakwenda mkutanoni niseme yote, mbele ya nchi tisa, na jina lake lirudi mahali pake, na kama wataniondoa kazini waniondoe. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Hao watasikia, sawa. Wewe ulipokuwa ng'ambo, Kamati ilikuwa inaniletea wanafunzi. Unajua?"

Nilijua. Walitoka nchi jirani, wanakaa miezi mitatu mitatu, wanajifunza kusoma mawe, wanarudi kwao na cheti. Lilikuwa jambo la kujivunia la kituo chetu.

"Kumi na mmoja," alisema mjomba. "Niliwafundisha kama nilivyodhani wewe unaona. Mtu akiniambia, mwalimu, hapa mbona kuna pete zaidi, namwambia hizo ni vivuli, ruka. Wakaruka. Wanaruka mpaka leo huko kwao. Lakini alikuwepo binti mmoja. Mkimya, na mkaidi kuliko wewe. Alikataa. Kila jiwe la changu analeta thelathini, ishirini na tisa, thelathini na moja. Namwambia rudia, anarudia, analeta ile ile. Wiki ya mwisho nikamwita, nikamwambia wewe huna jicho la kazi hii, tafuta kazi nyingine. Cheti sikutia sahihi."

Kule mlangoni mkewe alikuwa amesimama na shati mkononi. "Yule aliyekaa hapa sebuleni akilia?" aliuliza. "Akisema atawaambia nini nyumbani?"

"Huyo huyo."

"Nikakwambia mwonee huruma, ukaniambia jicho halina huruma."

"Nilikwambia," alisema mjomba.

Alirudi kwao, akaacha. Mjomba alipata habari kutoka kwa wenzake kwamba aliajiriwa kwenye duka la viatu, na kwamba hataki kusikia habari ya samaki. Ni miaka ishirini sasa. Anwani ya nyumba ya wazazi wake ilikuwa bado kwenye daftari la wanafunzi, na daftari lilikuwa kabatini, akaniagiza nilitoe.

"Tuandike," alisema. "Kabla ya mkutano. Yeye asisikie kwa watu."

Nikakaa mezani, nikaandika tarehe, nikamwandikia binti yule, ambaye sasa ni mama wa makamo, kwamba alikuwa sahihi. Kwamba pete zilikuwepo, na aliziona, na aliyeharibu ni mimi, mkuu wa maabara, mwaka fulani, kwa sababu fulani. Niliisoma kwa sauti. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeniacha mimi nje."

"Wewe huna kosa, mjomba. Ulidanganywa."

"Nani alimwambia hana jicho? Ni wewe?"

"Ni wewe, lakini kwa sababu yangu. Nimeyaandika hayo, yapo hapo. Sahihi ni yangu."

"Ongeza yangu."

"Mjomba, siongezi. Hili ni langu, na hukustahili..."

Ndipo akapiga kelele. Ile kelele niliyoiomba miaka ishirini na minne iliyopita, nimesimama nyuma yake, ndiyo ikaja Jumamosi ile, mpaka mkewe akaangusha shati. "Wewe umenidanganya mimi! Mimi nikamfukuza yule mtoto, kwa mdomo wangu, hapa hapa, analia. Umeninyang'anya macho, umeninyang'anya saa zangu, umelala kwenye kitanda changu melini. Usininyang'anye na hilo! Hilo nililifanya mimi."

Nikaandika upya kama alivyosema, neno kwa neno. Nikamsogezea karatasi, nikakiweka kidole chake pale mstari unapoanza, kwa sababu haoni tena, akatia sahihi yake juu ya yangu.